Mashine Nane Zilizobaki Deira

Njeri na Joan, mlipoingia dukani Agosti iliyopita Juni ilikuwa imeshapita, na mimi naondoka kabla nyingine haijafika. Juzi Njeri alinipa daftari akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mama Pepe, hiyo June mnaiogopa hivi, tuandikie tu, juu tukikwama hatutakuwa na wa kuuliza." Nimeanza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika orodha ya bei, nikaichana, kwa sababu bei mnazijua kuliko mimi. Basi nitaandika yaliyonipata, nanyi mtachukua mtakachokihitaji.

Nilikuja Dubai kufanya kazi za ndani, Al Garhoud, katika nyumba iliyonitendea vyema: nilikuwa na chumba chenye mlango. Sir ndiye mwenye duka hili la jumla la vifaa vya shule, hapa Deira. Asubuhi moja nikiwa napiga pasi aliingia na simu mkononi akaniuliza kama lugha inayosikika mle ndani ni ya kwetu. Ilikuwa ya kwetu. Mtu wa Dar es Salaam alikuwa akilalamika kwamba ameletewa chaki za rangi badala ya nyeupe, na kila alipomaliza kulalamika karani wa dukani alimjibu "yes, yes" na kumwahidi nyingine za rangi. Nikasikiliza, nikatafsiri, chaki zikabadilishwa. Haukupita mwezi sir akanibadilishia viza nikahamia dukani. Madam, mkewe, alininunia mpaka alipopata msichana mwingine anayejua kupika biriani. Tangu hapo yule sir nikawa namwita arbab, yaani bosi, kama wengine.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Haroub, karani mkuu wa kutoa mizigo. Wazee wake walitoka Unguja zamani. Yeye alizaliwa hapa hapa, lakini Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu mimi niliyetoka Same. Alinipa kalamu ya wino mzito na mhuri wa tarehe, ule wa kuzungusha kwa kidole, akanisimamisha mbele ya maboksi.

"Andika jina la skuli pande tatu za boksi," alisema. "Kuli hageuzi boksi apate kusoma. Na saba yako itie mkasi, kile kistari cha katikati, isije ikasomwa moja. Tena n'kwambie jambo, Pepe. Usiandike kitu ambacho hujakiona kwa macho yako. Ukiambiwa kalamu mia, fungua uzione. Ukiambiwa mzigo umetoka, toka nje ukatazame mlango uko wapi na mzigo uko wapi."

Huo ndio ufundi wote niliofundishwa. Mengine ni kamba na gundi ya karatasi.

Mwezi Mei wa mwaka ule simu zilianza kuita kama za msibani. Wazabuni waliokaa kimya tangu Oktoba, wa Dar, wa Mombasa, wa Kampala, wote walitaka vitu, na vyote kwa haraka. Nikamwuliza mzee kulikoni.

"Kwani weye hujui mwaka wa serikali zenu hufungwa lini?"

Sikujua. Nilisoma shule ya serikali miaka saba na sikuwahi kujiuliza dawati limetoka kwenye fedha ya mwezi gani. Akanieleza, na nyinyi nawaeleza kama alivyonieleza. Halmashauri hupangiwa fedha za elimu kwa mwaka unaoanza Julai na kuisha tarehe thelathini Juni. Lakini fedha haziji zote mwanzoni. Huja kwa mafungu, na fungu la mwisho mara nyingi huingia mwaka ukiwa umebakiza wiki chache. Kisichotumika kinaitwa bakaa. Bakaa hurudi Hazina, isipokuwa afisa ameomba mapema fedha ivuke mwaka, na ameonyesha mkataba uliosainiwa na mzigo ulioagizwa. Wengi hawaombi. Wanaogopa kwamba mtu akionekana ana bakaa, mwaka ujao atapunguziwa, ataambiwa mbona hizi zilikushinda. Kwa hiyo wananunua. Wananunua kinachopatikana.

Niliona halmashauri moja ikiagiza tufe za dunia arobaini, na barua yao wenyewe ikisema watoto wanakaa chini. Niliona oda ya filimbi za michezo ambayo kama zingepulizwa zote siku moja nchi jirani ingehamaki. Tulifunga, tukaandika pande tatu, tukatuma. Mzee Haroub hakucheka. Alisema tu kwamba tufe ni nyepesi na zinapakika, ndiyo sababu zinapendwa.

Walikuwapo pia maafisa waliopanga mambo yao. Mmoja wa nyanda za juu kusini aliagiza kila Januari, kwa barua ya mistari miwili, mzigo ukamfika Machi, na Juni hakuwahi kutupigia. Nimejaribu kukumbuka jina lake nimeshindwa. Mtu asiyesumbua hakai kichwani.

Mwaka wangu wa nne Mzee Haroub alikwenda hija, na baada yake kuwaona jamaa zake Unguja, akaniachia meza. Mzabuni mmoja, mcheshi, aliyeniita dada yangu tangu siku ya kwanza, alikuwa ametanguliza kiasi kidogo cha malipo ya vifaa vya maabara vya shule mbili za sekondari. Mzigo ulikuwa stoo unasubiri amalizie. Akapiga simu wiki ya mwisho ya Juni.

"Dada yangu, niandikie tu kwamba mzigo umeshatoka. Kule watanilipa leo, kesho nakutumia yote. Ni karatasi tu."

Nikaandika. Tarehe nikairudisha nyuma kwa kidole, kwenye ule mhuri. Akalipwa kwao, na sisi hatukumsikia tena. Julai ikapita, Agosti ikapita. Yale maboksi kumi na moja yalikaa karibu na mlango wa choo, na kila nilipokwenda nilisoma majina ya zile shule kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mzee Haroub aliporudi aliyakuta. Akaitafuta nakala ya karatasi, akaisoma akiwa amesimama.

"Skuli hizi zimeshapokea vitu ambavyo vimo humu ndani," alisema. "Sasa vitu hivi vya nani?"

Nilianza kulia. Hakunikemea. Arbab alipoamua mzigo uuzwe kwa mteja mwingine, mzee alinipa karatasi nyeupe na gundi akaniambia nifunike yale majina mwenyewe, pande zote tatu, boksi moja baada ya jingine. Ilinichukua asubuhi nzima. Miaka michache baadaye mzee aliugua, wanawe wakamchukua akae nao, na mimi nikabaki peke yangu na simu za Kiswahili.

Neno peke yangu sikuliandika kwa kujionea huruma. Mnajua chumba changu cha Deira, vitanda sita na majina yasiyodumu. Nimelala chini ya Wafilipino, Wahabeshi, na mama mmoja wa Kampala aliyeota kwa sauti. Watu huja, hupata kazi bora au hufukuzwa, huondoka. Ijumaa, ndiyo iliyokuwa siku yetu ya mapumziko, nilikwenda kanisani Oud Metha, watu maelfu, nikapeana amani kwa mkono na niliosimama nao, nikarudi. Nyumbani Same nilisomesha watoto wa kaka yangu, nao hunikumbuka vizuri sana mwisho wa mwezi. Kulikuwa na siku ambapo sauti yangu mwenyewe ilinishtua nilipoitikia simu, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa sijaitumia.

Ndiyo maana nilimpenda Mwalimu Editha kabla sijamjua. Alikuwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri moja ya kusini, sitaitaja. Maafisa wengine waliwaachia wazabuni kupiga simu. Yeye alipiga mwenyewe, kwa sababu, alisema, akiletewa kitu kibovu mtoto asiyeona hawezi kukitazama akajua ni kibovu mpaka kimkate. Mara ya kwanza aliuliza kama kona za mbao zetu za kuandikia zimepigwa msasa. Nilikwenda stoo nikazipapasa, nikarudi nikamwambia za bluu zimepigwa, za kijani hazijapigwa. Akauliza, "Wewe umekwenda kuzishika kweli?"

"Nimezishika."

"Basi mimi na wewe tutafanya kazi."

Tulifanya kazi miaka tisa bila kuonana. Kila ifikapo Mei alianza kupiga. Tulianza na mzigo tukaishia kwenye mambo mengine: mumewe aliyehamia kwa mwanamke wa Songea, mguu wangu unaouma, bei ya maharage. Mama yangu alipofariki, Editha alipiga dakika chache baada ya kaka kunipa habari. Alitaka kuuliza habari ya karatasi nene. Nikamwambia mama amekufa. Akaiweka ile karatasi nene pembeni, akakaa nami kwenye simu kwa fedha yake, tukasali. Mimi nilikuwa nimeegemea marobota ya madaftari na vijana wa Kipakistani wananipita na mikokoteni. Hakuna mwingine aliyenililia mama mjini humu.

Sasa nifike kwenye Juni ninayotaka muijue.

Mwaka ule Editha alikuwa amepigania mashine nane za nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Mmeziona kwenye kitabu cha bei: zina vitufe sita vya kuandikia, nzito kama mtoto wa miezi mitatu, na ghali. Shule yake yenye kitengo cha wasioona ilikuwa na mashine moja, na kitufe chake kimoja kilikuwa kigumu. Fedha iliidhinishwa Septemba. Iliingia halmashauri mwishoni mwa Mei. Mzabuni wake akaagiza siku hiyo hiyo, nasi tukaagiza kiwandani, nje, na mashine zikafika stoo yetu Juni ishirini na nne.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kutoka hapa mpaka bandari ya kwao ni wiki kadhaa, na kipindi hicho cha joto wapakiaji wa gatini hawaruhusiwi kufanya kazi juani mchana, kwa hiyo kila kitu kinakwenda polepole. Ndege haikuwamo kwenye fedha yake. Mzigo ungefika Agosti. Mwaka ulikuwa unafungwa Juni thelathini.

Mzabuni alipiga asubuhi ya tarehe ishirini na tano. Alitaka niandike kwamba mashine zilitoka Dubai Juni tano, ili kule waweze kusema zimepokelewa, alipwe, fedha isirudi. Nilimkatalia nikaona si kazi. Mchana akapiga Editha. Nilifurahi kuona namba yake. Nilidhani amepiga kuniambia nisimsikilize yule mtu.

"Dada Pepe," alisema, "andika."

"Niandike nini?"

"Unajua. Andika Juni tano. Na mimi nitasaini kwamba nimepokea."

"Mwalimu, mashine ziko hapa. Nimezishika leo."

"Najua ziko hapo. Ndiyo maana nakuomba wewe, si mtu mwingine. Wewe utazituma kweli. Nina watoto wawili wa darasa la saba, mtihani Septemba. Zikitoka hapo wiki ijayo watazipata Agosti, watakuwa na mwezi mzima wa kuzizoea. Fedha ikirudi, hawana kitu."

"Na mzabuni akilipwa asimalize kutulipa? Arbab hatoi mzigo."

"Atamaliza. Namjua."

"Mimi pia niliwahi kumjua mmoja." Nikamweleza habari ya maboksi kumi na moja, ambayo sikuwa nimemweleza mtu yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo alikuwa mwizi," alisema. "Mimi ni mwizi, Pepe?"

"Sijasema hivyo. Kuna njia nyingine. Nikuandikie barua ya kweli: mashine zimefika, namba za kila moja ni hizi, zimewekwa kwa jina la shule yako. Uiambatanishe na mkataba, uombe fedha ivuke mwaka."

"Unaijua hiyo safari? Mkurugenzi asaini, mweka hazina asaini, mkoa. Kwa siku nne?"

"Jaribu."

"Miaka tisa," alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nilidhani nina mtu Dubai." Akakata.

Sikuwa nimewahi kukatiwa simu na Editha. Niliandika ile barua muda ule ule, bado nina hasira, nikazifungua mashine zote nane nikanakili namba zake, nikaipeleka kwa arbab akaigonga mhuri kabla ya saa kumi. Ilikuwa tayari juu ya meza yangu siku ile ile. Ilibaki kuituma tu, jambo la dakika moja.

Sikuituma.

Nilijiambia nasubiri apige aombe radhi. Nilijiambia kama anaitaka ataiulizia. Nilikwenda nyumbani, nikarudi kesho yake, nikaiona pale mezani, nikaweka juu yake kitabu cha bei. Nilikuwa nimejeruhiwa, na nilitaka ajue. Simu haikuita. Siku ya tatu mchana nikashindwa, nikaituma bila salamu.

Baadaye nilisikia kutoka kwa mzabuni yaliyotokea. Editha aliikimbiza ile barua kwa mguu wake, ofisi moja hadi nyingine. Mkurugenzi alisaini. Mkoani alifika saa tisa na nusu alasiri ya siku ya mwisho ya kupokea maombi, akaambiwa mwenye kupokea ameshatoka. Fedha ikarudi Hazina.

Nilikwenda kwa arbab kumwomba azishikilie mashine mpaka halmashauri ipate fungu jipya. Alinisikiliza kwa heshima, kwa sababu ya umri wangu dukani.

"Pepe, how long?" aliuliza.

"Mpaka Oktoba, inshallah."

"September. Then khalas." Yaani ikipita hapo, basi, anauza.

Fungu jipya halikuja kufikia Septemba. Akaja mnunuzi kutoka nchi nyingine. Nilizifunga mwenyewe. Sikutaka vijana wazishike, na sikuwa na la kuwaeleza.

Juni iliyofuata Editha hakupiga, wala iliyofuata hiyo. Oda za halmashauri yake zilianza kuletwa na afisa mwingine, kijana mwenye adabu, kila Januari, zikiwa na mkataba na barua ya kuomba kuvuka mwaka imeshaandaliwa endapo fedha itachelewa. Nilimwuliza nani aliyemfundisha. Alisema alikuta maelekezo kwenye faili aliloachiwa. Mashine za nukta nundu walizipata mwaka wake wa kwanza, tisa, na ninyi mtakapoletewa oda yao ya vipuri mtaona inavyoandikwa vizuri.

Basi kuhusu Juni nawaambia hivi. Mtaombwa kuandika tarehe, na anayeomba siku moja atakuwa mtu mwema mwenye sababu njema. Msiandike. Lakini siku hiyo hiyo, kabla hamjanywa hata chai, mtumieni karatasi ya kweli inayoweza kumsaidia, hata kama amewatukana. Kukataa kunamaliza kazi yenu nusu tu. Joan, wewe una moyo wa kununa kama wangu, ndiyo maana naliandika hili kwa kirefu.

Ningeishia hapo, lakini jana nilipiga simu.

Namba ya Editha nilikuwa nayo miaka yote. Mchana, ninyi mmekwenda kula, nikakaa kwenye maboksi ya rula nikapiga. Iliita muda mrefu.

"Nani mwenzangu?"

"Pepe. Wa Dubai."

Nilisikia kuku, na mtu anafagia. Ufagio ukasimama.

"Umestaafu?" aliuliza.

"Nimestaafu. Narudi Alhamisi."

"Mimi nina miaka sita sasa." Akauweka ufagio chini. "Kuna nini, Pepe?"

"Ile barua," nilisema. "Nilikuwa nimeshaiandika siku ile ile uliyonikatia simu. Ilikuwa imegongwa mhuri. Nilikaa nayo."

"Ulikaa nayo kwa nini?"

"Nilikuwa nimeudhika."

Niliangalia simu kama bado iko hewani. Ilikuwa hewani.

"Siku mbili," alisema mwishowe. "Mimi nilichelewa kwa saa moja."

"Najua."

"Miaka yote nilikuwa najilaumu kwamba ningekodi gari badala ya kungoja basi."

Nikamwomba radhi. Hakuipokea wala hakuikataa. Nikamwuliza habari za wale watoto wawili wa darasa la saba, ambao sikuwahi hata kuwaulizia majina. Alisema mvulana alifaulu, ana kazi. Msichana ndiye aliyepewa ile mashine yenye kitufe kigumu. Hakumaliza karatasi mbili za mtihani, akafeli. Baba yake alikuja kumchukua, na Editha alimfuata kijijini mara mbili bila kufanikiwa.

"Anaitwa nani?"

"Asnati."

"Yuko wapi?"

"Yupo hapo hapo kwao. Ana watoto. Ana simu." Nikasikia anavuta kiti, anakaa. "Unataka namba yake?"

"Nitamwambia nini?"

"Sijui, Pepe. Mimi nilimwambia mashine ziko njiani."

Akanisomea namba polepole, tarakimu mbili mbili, nami nikaiandika nyuma ya daftari hili, saba nikiitia mkasi. Kisha mmoja wetu, yeye kwake au mimi kwenye rula, akasema haya. Sikumbuki alikuwa nani.

Ukurasa wenye ile namba nimeuchana, nimeuweka kwenye pochi pamoja na pasipoti. Sijapiga bado.